Laki Mbili za Vitabu na Hesabu Isiyopigwa

Kwa miaka mingi sasa mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu umemtengea mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa. Mwaka 2022 fedha za chakula na malazi zilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fungu la vitabu halikuguswa. Mwanafunzi mwenye kozi kumi kwa mwaka akizigawa laki mbili hizo sawasawa anapata shilingi 20,000 kwa kozi, na humohumo kuna madaftari, kalamu, flashi na gharama za kuchapisha kazi za darasani. Kitabu kipya cha fiziolojia au cha kalkulasi kilichotoka Uingereza au Marekani kinaweza kulimeza fungu la mwaka mzima na bado kikadai nyongeza.

Ndiyo maana wengi wamekwisha kata shauri kwamba vitabu havinunuliki. Bumu, yaani fedha za mkopo, likiingia, laki mbili zinachanganyika na hela ya kula, na haupiti mwezi kabla hazijulikani zilikwenda wapi. Mwanafunzi anabaki na madesa aliyorithi kwa waliomtangulia, slaidi za mhadhiri, na mafaili ambayo hajui nani aliyatuma kwenye kundi la darasa. Njia iliyowafikisha hapo naielewa, ila hitimisho lao silikubali. Fedha ni kidogo, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya hasara haitokei dukani. Inatokea mapema zaidi: pale mwanafunzi anaposhindwa kutenga kitabu cha kumiliki na kitabu cha kuazima, na pale mhadhiri anapoorodhesha vitabu bila kujiuliza nani atavilipia.

Nianze na hilo la mhadhiri, maana ndilo lisilosemwa.

Katika soko la vitabu vya chuo anayechagua halipi, na anayelipa hachagui. Ni kama kamati ya harusi inayopanga vyakula kwa michango ya watu wengine: hakuna mjumbe anayeuliza bei ya pilau kwa sahani. Mchapishaji anajua hivyo, kwa hiyo hamfuati mwanafunzi. Anamfuata mhadhiri, anampa nakala ya bure, anampa na slaidi zilizokwisha andaliwa pamoja na majibu ya mazoezi. Mhadhiri akishakipitisha kitabu, wanunuzi mia tatu wamepatikana bila kuulizwa.

Marekani ndiko mambo haya yalikofika mbali kuliko kwingine. Takwimu za serikali ya huko zinaonyesha kwamba kati ya Januari 2006 na Julai 2016 bei za vitabu vya chuo zilipanda kwa asilimia 88. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2008 ya kuvitaka vyuo vitaje vitabu na bei zake wakati wa kujisajili kwa kozi, ili mwanafunzi ajue mapema anajiingiza wapi. Wachapishaji nao hawakulala. Walianza kuuza kitabu pamoja na namba ya siri ya kuingilia mazoezi ya mtandaoni, namba ambayo hutumika mara moja na kufa mwisho wa muhula. Kitabu cha mitumba bila namba hiyo ni karatasi tu, na soko la mitumba ndilo lililokuwa likizuia bei zisipae zaidi. Siku hizi vyuo vingi huko hujumlisha gharama ya vitabu moja kwa moja kwenye ada. Wewe unayemsomesha mdogo wako Texas au Minnesota, mwambie aulize tarehe ya mwisho ya kujitoa katika mpango huo. Tarehe hiyo huwa ipo, na huwa haitangazwi kwa sauti.

Huku kwetu hatujafikia namba za siri. Ugonjwa wetu ni mwingine: orodha ndefu isiyo na maelekezo. Muhtasari wa kozi unakuja na vitabu kumi na vinne. Baadhi viliacha kuchapishwa zamani, baadhi havipo maktaba, na hakuna palipoandikwa sura wala ukurasa. Orodha imenakiliwa kutoka muhtasari wa mwaka juzi, na huo ulinakiliwa kutoka wa mwaka juzi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kigoma au Mtwara anaisoma kama amri. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu haisomi kabisa. Wote wawili wanapoteza, wa kwanza fedha, wa pili elimu.

Sasa mwanafunzi afanye nini na orodha ya namna hiyo? Asinunue kitu wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya tatu mhadhiri atakuwa ameonyesha anakitumiaje kitabu: anatoa mazoezi humo, anakifuata sura kwa sura, au alikitaja tu orodha ijae. Katika wiki hizo mbili tatu, mtafute aliyefaulu kozi hiyo mwaka jana. Usimuulize kama kitabu ni kizuri, kwa sababu atakujibu kuwa ni kizuri sana. Muulize alikifungua mara ngapi. Pitia na mitihani ya miaka iliyopita ulinganishe maswali yake na yaliyomo ya kitabu.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba vitabu vya kumiliki ni vichache. Ni vile unavyovifanyia kazi kila wiki kalamu ikiwa mkononi: kalkulasi, takwimu, uhasibu, kemia, atlasi ya anatomia. Hivi ukivikosa unashindwa kozi, na havisomeki vizuri kwa kuazimana usiku mmoja, kwa kuwa zoezi unalirudia mara nne mpaka likae. Vingine, na hasa katika sosholojia, elimu na masomo ya maendeleo, ni vitabu vya sura mbili tatu. Sura mbili hazikulazimishi kununua kurasa mia tano. Kisha kuna vile vya kuchungulia, kamusi za kitaalamu na mikusanyo mikubwa, ambavyo mahali pake ni maktaba na si chini ya godoro la hosteli. Jambo linalonishangaza ni jinsi wanafunzi wanavyofanya kinyume. Kitabu kinene chenye jina kubwa kinanunuliwa kwa heshima na kukaa mezani, wakati kile cha mazoezi, ambacho kingechakaa kwa kutumika, ndicho kinachotolewa kopi hafifu ambayo namba za chini ya mlinganyo hazionekani.

Tuje kwenye matoleo, maana hapa ndipo fedha nyingi zaidi zinapookolewa bila jasho.

James Stewart alikuwa mwanahisabati wa Kanada. Kitabu chake cha kalkulasi kimesomwa karibu kila bara, na mapato yake yalimjengea Toronto nyumba maarufu iitwayo Integral House. Alifariki mwaka 2014. Toleo la tisa la kitabu hicho lilitoka mwaka 2020. Simwonei kijicho, maana kitabu ni kizuri na mifano yake inaeleweka. Lakini kalkulasi ya mwaka wa kwanza ni ileile waliyoiasisi Newton na Leibniz katika karne ya 17, na toleo la sita linakufundisha kuitafuta derivativu sawasawa na la tisa. Vivyo hivyo kitabu cha uchumi cha Paul Samuelson kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1948 kilifika toleo la 19. Kanuni za ugavi na mahitaji hazikubadilika mara 19.

Kinachobadilika mara nyingi ni namba za mazoezi. Mhadhiri anasema fanyeni swali la 23, na mwenye toleo la zamani anafanya swali jingine kabisa, anapata sifuri, anaapa kutonunua tena mtumba. Dawa yake ni ndogo: kurasa za mazoezi zinazotolewa muhula mzima ni chache, na mwenzako mwenye toleo jipya anaweza kukupigia picha ukurasa husika. Kabla ya kununua toleo la zamani, linganisha yaliyomo ya matoleo mawili na usome dibaji ya toleo jipya. Mwandishi mwenyewe hueleza humo amebadilisha nini, na ukiona amesifia rangi mpya za michoro, ujue hujakosa kitu.

Hata hivyo kuna masomo ambayo toleo la zamani linaweza kukuangusha. Uhasibu ni mojawapo. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 16 kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019 na kubadili namna mkodishwaji anavyoweka mikataba ya ukodishaji kwenye mizania. Kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo kitakufundisha IAS 17 iliyokwisha ondolewa. Kodi ni hatari zaidi, kwa sababu Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka na kuanza Julai mosi. Mwanafunzi wa sheria aangalie sana: Toleo la Mwaka 2023 la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu limechukua nafasi ya lile la 2002, na kifungu ulichokikariri kwenye kitabu cha zamani huenda leo kina namba nyingine. Kwa madaktari na wafamasia, kumbuka historia ya malaria hapa nchini. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaja SP, nayo ikaachwa mwishoni mwa 2006, ikaja ALu. Kitabu cha tiba kilichotangulia mabadiliko kama hayo si cha kumfundishia mtu atakayeandika dawa. Cha anatomia hakina shida hiyo, maana mfupa wa paja hautolewi toleo jipya.

Kuna na toleo la namna nyingine, lile la bei nafuu kutoka India. Ukizungukia maduka ya vitabu ya Dar es Salaam au Nairobi utavikuta vitabu vya Kimarekani vyenye jalada jepesi na maandishi yanayosema vinauzwa nchi fulani tu. Sababu ni kwamba mchapishaji hupanga bei kwa kuangalia mfuko wa nchi, si gharama ya karatasi. Mwanafunzi mmoja kutoka Thailand, Supap Kirtsaeng, aliligundua pengo hilo akiwa masomoni Marekani: ndugu zake wakamnunulia vitabu Thailand, akaviuza Marekani. Mchapishaji John Wiley akamshitaki, na tarehe 19 Machi 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa Kirtsaeng ushindi kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwa hoja kwamba aliyenunua nakala halali ana haki ya kuiuza, hata kama ilichapwa nje. Kwa mnunuzi wa hapa somo ni moja la kujihadhari: matoleo ya nchi mbalimbali wakati mwingine hupangwa mazoezi kwa namba tofauti, kwa hiyo yalinganishe kabla ya kulipa.

Wazee wa maktaba wanakumbuka kwamba hata Waingereza waliwahi kutoa vitabu vya bei ya chini kwa nchi zetu, kwa ruzuku ya serikali yao, chini ya nembo ya ELBS. Mpango huo ulifungwa mwaka 1997. Vitabu vyake bado vipo kwenye rafu nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki, na vile vya hisabati, fizikia na uhandisi wa msingi bado vinafaa kabisa. Havigombewi, kwa sababu majalada yamefifia.

Sasa hesabu yenyewe. Imani iliyoenea ni kwamba kopi ndiyo njia rahisi kuliko zote. Chukua kitabu cha kurasa 600. Steshenari za karibu na vyuo zikitoza shilingi 50 kwa ukurasa, kopi nzima ni shilingi 30,000, na spairo juu yake. Ukibana kurasa mbili upande mmoja wa A4 unashuka hadi 15,000, lakini unasoma kwa kukodoa. Mwisho wa mwaka kopi hiyo haina bei. Inafungia maandazi.

Weka pembeni nakala halisi iliyotumika, tuseme umeipata kwa shilingi 60,000. Ukiitunza na kumwuzia mwanafunzi wa mwaka unaofuata kwa 45,000, umesoma mwaka mzima kwa 15,000, sawa na kopi ya kukodoa macho. Mkiinunua watatu, kila mmoja anatoa 20,000 na kurudishiwa 15,000. Gharama ya kila mmoja ni shilingi elfu tano. Kwa fungu la shilingi 20,000 kwa kozi, hapo kimebaki cha kununulia madaftari.

Najua pingamizi. La kwanza, kopi inalipwa kidogokidogo, sura kwa sura, wakati 60,000 inatakiwa leo. Ndiyo sababu fedha ya vitabu itengwe siku ileile bumu linapoingia, ihamishiwe laini nyingine au akaunti nyingine, kabla haijafahamiana na hela ya chipsi. La pili, kuna hatari ya kutouza. Hii ni ya kweli, na mara nyingi inatoka kwa mhadhiri: akibadilisha kitabu au kudai toleo jipya, nakala yako imekufa. Kabla ya kununua, uliza kitabu hicho kimetumika miaka mingapi katika kozi.

Wakati wa kuuza nao una bei yake. Julai, wahitimu wanapofunga mizigo, vitabu hushuka thamani kwa sababu kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Huo ndio msimu wa kununua. Oktoba na Novemba, mwaka wa kwanza wanaporipoti na mkopo ukianza kuingia, ndio msimu wa kuuza. Usimpelekee mchuuzi wa kando ya barabara kule Posta ila ukikwama. Yeye ananunua ili apate faida, na haki yake kufanya hivyo. Pitia kwa CR, yaani mwakilishi, wa darasa linalofuata.

Ununuzi wa pamoja mara nyingi huvunjika usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho wa muhula, siyo wakati wa kuchanga. Watu kumi wenye kitabu kimoja hawana kitabu. Watatu wanatosha, wanne ni wengi, na makubaliano yafanywe mwanzoni: nani anakaa nacho siku zipi, kitauzwa lini, na aliyekipoteza atalipa kiasi gani. Yaandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu. Njia nyingine iliyo bora kwa marafiki wanaosoma kozi zilezile ni kila mmoja kununua kitabu cha kozi tofauti na kubadilishana. Likizo na wakati wa mafunzo kwa vitendo kitabu kibaki kwa yule aliye karibu na chuo.

Kuhusu mafaili yanayozunguka Telegram sitajifanya sijui. Kisheria kitabu kilichovujishwa kinabaki kuwa mali ya mwenyewe, na aliyekisambaza kwa watu elfu hajafanya matumizi binafsi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya nakala ya matumizi binafsi; haimpi mwenye steshenari ruhusa ya kuzalisha nakala hamsini na kuzipanga kaunta. Lakini hata ukiweka sheria kando, faili la bure lina gharama. Mara nyingi si toleo ulilotaka, michoro imekatika, na mtu anaishia kulichapisha. Kwa shilingi 100 kwa ukurasa, kurasa 600 ni 60,000, yaani bei ya kile kitabu cha mitumba tulichokwishakizungumzia. Kusoma takwimu kwenye simu ya inchi sita nako ni adhabu ambayo mwanafunzi hujipa bila kuhukumiwa.

Na kuna vitabu ambavyo kuvitoa kopi ni uonevu kabisa. Wanafunzi wa Kiswahili wanazijua SAMIKISA, SAMAKISA na FOKISA kama wanavyojua majina ya rafiki zao. Vitabu hivi viliandikwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa na TUKI, ambayo sasa ni TATAKI. Soko lake ni dogo, na kila darasa linalogeuka kwenda steshenari linaondoa sababu ya kuchapwa upya. Kabla ya kutoa kopi ya kitabu cha mwandishi wa hapa, nenda kwa mchapishaji mwenyewe uulize bei. Duka la kati likiondoka, tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Wakati watu wanahangaika na mafaili ya wizi, vitabu halali vya bure vimekaa bila mgeni. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kilianzisha OpenStax, ambayo tangu mwaka 2012 inatoa vitabu vya mwaka wa kwanza na wa pili: fizikia, takwimu, uchumi, sosholojia, anatomia na fiziolojia, kalkulasi. Unapakua mara moja kwa intaneti ya chuo, bila kugusa bando lako, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha. Steshenari ukiipelekea faili la OpenStax hakuna aliyevunja sheria. Udhaifu wake ni mifano. Sura ya sera ya fedha inaizungumzia benki kuu ya Marekani, na mwanafunzi wa Mzumbe anabaki kujiuliza Benki Kuu ya Tanzania inaingia wapi. Lakini leseni ya vitabu hivyo vingi inamruhusu mhadhiri afanye kile ambacho vitabu vya kawaida vinakataza: kuondoa mfano wa Marekani na kuweka wa kwetu, kupunguza sura zisizohitajika, hata kutafsiri. Mhadhiri wa takwimu angeweza kuweka humo jedwali la Sensa ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120, na darasa likajifunza wastani kwa wilaya linazozijua. Hili linawezekana leo, na vyuo vyetu havijalichukulia kwa uzito unaostahili.

Mwanasheria mtarajiwa ana TanzLII, yenye hukumu za mahakama zetu na sheria bila malipo. Mkenya ana Kenya Law. Kununua kitabu cha kesi ambazo zipo wazi ni kulipia mpangilio tu. Mwanafunzi wa afya ana mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya na machapisho ya Shirika la Afya Duniani, na chuo chake kikiwa kimejisajili Research4Life, ana majarida na vitabu vya kitaalamu kwa maelfu. Sehemu ya afya ya mpango huo, Hinari, ilianza mwaka 2002, na taasisi za Tanzania zimo katika kundi lisilolipa. Neno la kuingilia analo mkutubi. Wanafunzi wengi humaliza miaka mitano bila kumuuliza.

Maktaba yenyewe tumeigeuza ukumbi wa kukalia. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, inaweza kukalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Nenda siku yoyote ya muhula uone wangapi wamekaa na kitabu cha maktaba na wangapi wamekaa na simu inayochajiwa. Vitabu vinavyotakiwa sana huwekwa sehemu maalumu na kuazimwa kwa saa chache. Kwa kitabu cha sura mbili, saa hizo zinatosha ukienda asubuhi kabla ya msimu wa mitihani. Kama kitabu cha kozi hakipo, darasa liandike barua kuomba kinunuliwe, likiambatanisha idadi ya wanafunzi. Mkutubi mwenye bajeti ndogo hununua kile alichoombwa kwa maandishi. Na aliye mbali na chuo asiidharau maktaba ya mkoa, wala Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967.

Limebaki suala la pamfleti. Kuna wahadhiri wanaoandaa mkusanyo wa sura na maelezo yao wenyewe ili kumpunguzia mwanafunzi gharama, na hao wanastahili shukrani. Dar es Salaam ina historia ya heshima hapa: kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House, mwandishi akiwa mwalimu wa Mlimani. Lakini kuna na wale wanaouza pamfleti ya kurasa arobaini, iliyonakiliwa kutoka vitabu vya watu, na darasa zima linajua kwamba asiyenunua jina lake litaonekana. Huo ni ushuru. Mtunga mtihani asiwe muuzaji wa kitabu cha mtihani bila idara kuipitia bei na yaliyomo.

Njia safi ya mikusanyo ipo. Delhi, wachapishaji wakubwa watatu, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walilishitaki duka la kopi la Rameshwari mwaka 2012 kwa kutengeneza mikusanyo ya sura zilizochaguliwa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Delhi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi hiyo, ikisema sheria ya India inaruhusu nakala kwa ajili ya ufundishaji. Sheria yetu si ya India, na siwashauri wenye steshenari wajitetee kwa hukumu ya Delhi. Lakini vyuo vinaweza kukubaliana na wenye haki kwa ada ndogo ya pamoja. Kenya ina chombo cha kazi hiyo, Kopiken. Ada ya chuo kizima ikigawanywa kwa wanafunzi wote ni ndogo kuliko spairo.

Wahadhiri mnaoandaa mihtasari ya kozi za mwaka ujao, naomba mambo matatu yaandikwe mbele ya kila kitabu: sura na kurasa zitakazosomwa, toleo la zamani kabisa mnalolikubali, na idadi ya nakala zilizopo maktaba. Kitabu ambacho hamwezi kukiandikia hayo, kiondoeni kwenye orodha.